UZI: Njia ya Gamba ikikatika tena, nyumbani kwako kuna maji na dawa za siku ngapi?

#1 BintiLangoni

Asalaam aleikum watu wa Amu (Lamu), na salamu kwa ndugu zetu wa Pate, Mokowe, Malindi na popote mlipo.

Jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu mvua za Novemba 2023. Leo naliandika kwa sababu masika hayako mbali na naona tumeshasahau.

Mnakumbuka Mto Tana ulivyofurika, maji yakaikata barabara ya kuja Lamu pale Gamba. Mabasi yakasimama, malori ya mboga yakalala ng'ambo. Siku ya kwanza yalikuwa mazungumzo ya barazani tu. Siku ya tatu nyanya zilikuwa chache sokoni na zilizokuwepo hazikamatiki kwa bei. Mimi nyanya hazikunishughulisha. Mamangu ana sukari, anadungwa insulini asubuhi na jioni, na chupa yake ilikuwa imebaki na dawa ya siku mbili. Nyingine ilikuwa imeagizwa Mombasa, nayo ilikuwa ndani ya basi lililokwama.

Nilizunguka maduka ya dawa yote ninayoyajua, kuanzia Mkomani hadi kwetu. Kila mmoja aliniambia mzigo uko njiani. Nilikuja kupata kwa jirani wa nyumba ya nne, ambaye mumewe hutumia dawa aina ile ile. Alikuwa na chupa mbili ambazo hazijafunguliwa. Akatoa moja akanitia mkononi, akaifunika na leso yake isipigwe na jua. Yake ikabaki moja, na hakuna aliyejua njia itafunguliwa lini. Nilikaa kwenye daka lake nikalia, na sioni haya kulisema.

Tangu siku hiyo nimelielewa jambo moja. Sisi ni watu wa kisiwa. Kila tunachokula na kila tunachojitibia kinavuka maji kabla ya kutufikia. Wenzetu wa bara wakisikia maafa wanafikiria nyumba kubomoka. Kwetu njia kufungwa kwa wiki moja yatosha kuwa maafa, hata kama mawimbi hayajagusa ngazi ya gati.

Basi nikaanza kujipanga, polepole, na nawaeleza nilivyofanya ili nanyi mseme yenu.

Nilianza na maji. Tuko watu 7. Hesabu inayotumika sana ni lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu, kuoga na kufua hakumo. Kwetu hizo ni lita 28 kwa siku, na kwa siku 7 ni lita 196. Kwa hiyo nina jerikeni 10 za lita 20, zimepangwa chini ya ngazi mahali ambapo jua halifiki. Ni jerikeni zilizokuwa za mafuta ya kupikia, nikazisugua kwa maji moto, sabuni na mchanga mpaka harufu ikatoka. Jerikeni iliyowahi kutiwa mafuta ya taa au petroli usiitumie kwa maji ya kunywa hata uioshe vipi. Kila moja nimeiandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Baada ya miezi 6 yale maji yanakuwa ya kufulia, na jerikeni inajazwa upya.

Birika ya nyumba, yaani tangi la maji, bado tunayo, ile ya wazee, na vile visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu bado vimo. Hayo maji ni ya kuogea na chooni. Yanatuokolea maji ya pepo, yale matamu ya kunywa, yaliyo kwenye jerikeni.

Dawa nitaizungumza nikirudi, naitwa chini.

#2 Mwanafunzi wa Maalim

Waaleikum salaam dada. Mungu amjaalie mama afya.

Nina swali la kheri. Je, hii haifiki kuwa kuhodhi? Tumefundishwa kuwa ihtikari ni haramu, na watu wakiogopa hukimbilia dukani wakamaliza mchele, mnyonge akakosa.

#3 BintiLangoni

Swali zuri, na nililiuliza kwa maalim wetu kabla ya kununua hata kilo moja. Alinieleza kuwa ihtikari ni kuficha bidhaa wakati watu wanaihitaji ili bei ipande uje ufaidi. Kuwawekea watu wa nyumbani chakula chao si hiyo, kwani Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akiwawekea ahli zake chakula cha mwaka. Akanikumbusha na Nabii Yusuf, jinsi alivyowaagiza watu wa Misri waiache nafaka ndani ya masuke yake katika ile miaka saba ya neema. Hiyo nayo ni elimu ya kuhifadhi, maana nafaka ndani ya suke haishambuliwi upesi.

Ila wasiwasi wako una maana, na jawabu lake ni wakati. Nunua sasa wakati maduka yamejaa, kidogo kidogo. Anayengoja mpaka redio itangaze mafuriko ndipo akabebe magunia mawili, huyo ndiye anayemnyima mwenzake.

#4 Nahodha_wa_zamani

Binti, umesema kweli ya barabara, nami niongeze ya bahari. Nimeendesha mashua miaka mingi kati ya Amu, Faza na Kiwayu. Upepo wa kusi ukikaza, tuseme mwezi wa sita hadi wa nane, kuna siku nahodha mwenye akili hatoki nje ya mwamba. Mlango wa bahari wa Mkanda nao hupitika vizuri maji yakijaa. Kwa hiyo mgonjwa wa Kizingitini akizidiwa maji yakiwa yamekupwa, usiku, na kusi linavuma, ujue safari itangoja. Watu wa visiwa vya juu waweke akiba kubwa kuliko ya watu wa mji.

Na mwezi wa tano 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga Tanzania upande wa Mafia, hata huku Kenya shughuli za ufuoni na baharini zilipigwa marufuku kwa muda. Kimbunga hakikutufikia, lakini yule anayekula alichovua siku hiyo hiyo alilala vipi? Sisi zamani kila nyumba ya mvuvi ilikuwa na ng'onda wa kuning'inia. Samaki akipasuliwa, akatiwa chumvi ya kutosha na akaanikwa mpaka akakauka kwelikweli, ni chakula cha wiki nyingi. Leo vijana wanategemea barafu, na barafu inategemea umeme.

#5 Fundi wa Umeme

Kwa umeme nakuunga mkono, mzee wangu. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima iliingia giza, na Desemba mwaka huo huo ikarudia. Wenye friji zilizojaa samaki wanajua hasara waliyoipata.

Ushauri wangu ni mfupi. Taa ndogo ya sola yenye mahali pa kuchajia simu, na redio ya betri. Mtandao ukianguka hakuna M-Pesa, kwa hiyo weka na pesa taslimu za noti ndogo ndogo, kwa sababu siku hiyo mwenye duka hatakuwa na chenji ya elfu moja.

#6 Muuguzi Malindi

Habari zenu nyote. Niko Malindi, nimehudumia watu wa bonde la Sabaki misimu ya mafuriko, na nataka kusema juu ya maji kwa sababu ndiyo yanayotuletea wagonjwa wengi kuliko upepo.

Mafuriko yakipita, kisima na choo huwa vimechanganyika. Maji yanaweza kuonekana safi na yana kipindupindu. Yachemshe mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja, kisha yafunike. Kama kuni au gesi haba, tumia dawa ya klorini isiyo na manukato. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 5 hadi 6, tia matone 2 kwa kila lita ya maji maangavu. Maji yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, kisha matone yawe 4. Koroga, ngoja nusu saa. Ukinusa harufu kidogo ya klorini, yako sawa. Dawa za maji za dukani zina vipimo vyao, fuata karatasi yake.

Watu wa Lamu nisikilizeni hapa. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi chumvi. Kisima kilichoingiliwa na bahari ukikichemsha chumvi inazidi, kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Mtoto mwenye kuhara asipewe maji hayo.

Na kwa kuhara, hata kama huna pakiti za duka la dawa, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Chumvi isizidi hapo. Mpe kidogo kidogo, akitapika pumzika dakika kumi uanze tena. Nimeona watoto wakirudi kutoka mlangoni pa kifo kwa sukari na chumvi iliyokuwa jikoni kwao siku zote.

#7 BintiLangoni

Muuguzi, Mungu akulipe. Nimeyaandika hayo kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati.

Nirudi kwenye dawa, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu. Nilimweleza daktari wa mama hali yetu ya kisiwa, akakubali kumwandikia dawa ya mwezi na juu yake ya wiki mbili. Ile ya akiba haikai ikangoja maafa. Kila nikileta mpya, naiweka nyuma, ya zamani inakuja mbele na kutumika. Hivyo haipitwi na tarehe hata siku moja.

Swali lililonisumbua ni umeme ukikatika. Daktari aliniambia chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, zisigande. Ile inayotumika hudumu kama wiki nne nje ya friji, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Lakini Lamu mwezi wa tatu nyuzi 30 tunazipita. Nikakumbuka mtungi wa bibi. Nina vyungu viwili vya udongo, kimoja kinaingia ndani ya kingine, na katikati nimetia mchanga. Asubuhi na jioni naumwagia ule mchanga maji. Chupa naitia kwenye kikopo chenye kifuniko ili isilowe, kikopo ndani ya chungu cha ndani, juu nafunika kitambaa kibichi, na vyote vinakaa zidakani penye upepo. Ukitia mkono ndani unahisi ubaridi kama wa maji ya mtungi wakati wa adhuhuri. Kipindi cha kaskazi hewa ni kavu kidogo na kinapoa zaidi, masika hakipoi sana. Kwa hiyo nimetia na kipimajoto kidogo, nakitazama, siamini mkono peke yake.

Wenye presha, pumu, kifafa, na nyinyi wenye watoto wa selimundu, fanyeni mazungumzo hayo na daktari wenu kabla ya masika. Dawa ndiyo kitu pekee ambacho jirani mara nyingi hawezi kukuazima.

#8 Mama Wawili

Dada zangu, nasoma hapa na moyo unaniuma. Mume wangu ni mpakuzi gatini. Akipata mzigo tunakula, asipopata tunakunywa chai ya mkandaa. Hiyo akiba ya siku saba naitoa wapi?

#9 BintiLangoni

Mama Wawili, nisamehe kama niliandika kama kwamba sote tuna uwezo mmoja. Hatuna.

Maji hayana bei kubwa, hapo ndipo pa kuanzia. Jerikeni mbili safi zilizofunikwa, zilizojaa wakati wote, ni bora kuliko gunia la mchele. Pili, mama yangu alikuwa na desturi ambayo mimi niliikuta na sikuithamini. Kila alipopima mchele wa kupika, alirudisha konzi moja ndani ya kibuyu cha pembeni. Hakuna aliyeona pungufu kwenye sinia, na kufika Ramadhani kibuyu kimejaa. Alikuwa akisema akiba haiozi. Tatu, vyama vyetu vya wanawake. Sisi kwetu tuko kumi na wawili, tunachanga kidogo kila Ijumaa. Mwezi huu pesa zimenunua pojo na kunde, zimekaa kwa mmoja wetu mwenye chumba kikavu. Ni za sote, na asiyeweza kuchanga wiki hii hatolewi. Nitumie ujumbe wa faragha tafadhali.

#10 Mkaazi wa Pate

Huku kwetu maafa yana sura nyingine. Mnaogopa mvua kuja, sisi tunaogopa isipokuja. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, majabia yakabaki sakafu tupu yenye nyufa. Jabia ni la watu wote, linakinga maji ya mvua na kijiji kinayanywa miezi. Likiwa na ufa usioonekana, au watu wakaacha mbuzi waingie eneo la kukingia, mnaingia kiangazi na nusu ya mlichodhania mnacho. Kwa hiyo naomba, kabla ya kuhesabu jerikeni za nyumbani, kijiji kikague jabia lake. Fagieni sakafu ya kukingia kabla ya mvua ya kwanza, na maji ya mvua ya kwanza yaacheni yapite yaoshe.

#11 Mzaliwa wa Malindi

Niliona jinsi bahari ilivyofanya Malindi tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko lilipiga Sumatra kwa saa zetu kama saa kumi alfajiri, na huku mawimbi ya tsunami yakafika mchana wa jua kali, siku ya mapumziko, ufuo umejaa watu. Maji yalikupwa upesi isivyo kawaida, yakarudi, yakakupwa tena. Watu walikuwa wakiteremka kwenda kutazama. Tunashukuru tahadhari ilikuwa imeshaanza kutolewa na watu wakaondolewa ufuoni, ndiyo maana Kenya ilipoteza mtu mmoja, hapa hapa Malindi, wakati Somalia walikufa takriban 300.

Nalisema hili kwa sababu uzi wote unahusu kuweka vitu, na siku kama ile kitu hakina thamani. Bahari ikikupwa kwa namna usiyoijua, si bamvua wala si saa yake, acha jerikeni, acha mchele, shika mkono wa mtoto na wa mzee mwende juu. Pasipo na mlima, panda ghorofa ya juu ya nyumba madhubuti ya mawe. Na usishuke wimbi la kwanza likipita, kwa sababu yanakuja zaidi ya moja.

Kwa hiyo mimi nina akiba ya kukaa ndani na nina mkoba wa kutoka, vitu viwili tofauti. Mkoba una nakala za vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa ndani ya mfuko wa nailoni, kitabu cha kliniki cha mtoto, dawa za siku tatu, chupa mbili za maji, tochi, filimbi, leso, na namba za jamaa zilizoandikwa kwa mkono. Simu ikizima hakuna anayekumbuka namba ya ndugu yake.

#12 Kijana wa Gadeni

Hakuna aliyetaja moto, na mimi ndio ninaouogopa kuliko vyote. Vichochoro vyetu punda wawili wenye shehena hawapishani, sembuse gari la zimamoto. Jiko liko juu, paa ni makuti, na makuti ya nyumba ya pili yanaligusa. Nimewahi kusimama kwenye mstari wa ndoo kutoka baharini mpaka ndani ya mtaa, tukapokezana mpaka viganja vikachubuka. Paa lilikuwa limeshaanguka kabla ndoo ya kumi haijafika.

Tafadhali, anayeweka akiba ya mafuta ya taa au mtungi wa gesi wa ziada asiuweke juu chini ya makuti. Weka chini, penye hewa, mbali na meko. Ndoo mbili za mchanga mkavu zikae karibu na jiko daima, mchanga tunao bure. Moto wa mafuta ya kupikia usiumwagie maji, funika sufuria kwa kifuniko.

#13 Muuguzi Malindi

Niongeze moja, nafaka. Mahindi yasipokauka vizuri yanaota ukungu wenye sumu, aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 upande wa Ukambani na jirani zake. Kuchemsha wala kukoboa hakuiondoi yote. Hewa ya Pwani ina unyevu, kwa hiyo msiweke mahindi mengi kwa muda mrefu. Punje yenye rangi ya kijani au nyeusi isiliwe, wala isipewe kuku.

#14 BintiLangoni

Ndiyo sababu kwetu tumeegemea mchele, pojo, tende na ng'onda, na nazi kavu zilizo na maganda yake. Mikebe ya chuma tumeipunguza, hewa ya chumvi inaitoboa kutu ndani ya mwaka. Mchele nauanika jua kali, unapoa, ndipo naufunga ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana. Fukusi hawajaonekana tangu nianze hivyo. Na tunavila hivyo vitu, kila wiki. Akiba ya chakula msichokizoea watoto wataikataa siku mbaya kuliko zote.

Kijana wa Gadeni, ndoo za mchanga sikuwa nazo. Leo alasiri nimezijaza.

Jirani yangu aliyenipa ile chupa ana magoti mabaya, hawezi kupanda wala kushuka ngazi upesi. Jana nimekwenda kwake tukakubaliana. Ufunguo wa mlango wake wa nyuma uko kwangu, na wanangu wawili wakubwa wanajua kwamba likitokea la kutokea, wao wanaanzia kwake. Dawa ya mumewe nimeiandika jina na kipimo kwenye daftari letu pamoja na ya mama.

Walio Langoni na Gadeni, Jumamosi baada ya Asri tukutane darini kwetu. Njooni na jerikeni zenu tupu. Sabuni, brashi na kalamu ya kuandikia tarehe ninazo.

#15 Mama Wawili

Nitakuja, nina mbili.